Sketi, Suruali na Steji ya Matatu

Tangazo lilisema marufuku ingeanza tarehe 1 Januari 1969, lakini vijana wa Kariakoo hawakungoja. Umoja wa Vijana wa TANU ulipotoa azimio lake mwanzoni mwa Oktoba 1968, haikuchukua siku nyingi makundi ya wanaume yakajazana kwenye vituo vya mabasi jijini Dar es Salaam, yakiwavizia wanawake waliovaa sketi fupi na magauni ya kubana. Waliwazomea, wakawasukuma, wakawapiga. Mabasi yalisimamishwa na abiria wa kike wakateremshwa kwa nguvu. Mambo yalichafuka hadi Kikosi cha Kutuliza Ghasia kikaitwa kuwatawanya.

Askari wale walijikuta pagumu. Waliokuwa wakifukuzwa hawakuwa wapinzani wa serikali, bali watu waliokuwa wakitekeleza, kwa pupa na kabla ya siku yake, azimio la jumuiya ya chama tawala. Wanawake waliokuwa wakiokolewa nao ndio hao hao ambao miezi mitatu baadaye wangetakiwa kubadili mavazi. Bunge halikuwa limepitisha sheria yoyote kuhusu urefu wa sketi. Kulikuwa na azimio tu, na azimio lilitosha.

Mpango huo uliitwa Operesheni Vijana. Orodha yake ya maovu ilikuwa na sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana, na hizi za mwisho ziliwahusu hata wanaume. Sababu iliyotolewa ilikuwa utamaduni: taifa changa, lililotoka kutangaza Azimio la Arusha mwaka uliotangulia tu, lisingeweza kujenga ujamaa huku limevaa mabaki ya Ulaya. Katibu Mkuu wa Umoja wa Vijana wakati huo alikuwa Joseph Nyerere, mdogo wake Rais. Vijana wenye sare za kijani ndio walioandaliwa kufanya doria.

Magazeti yakafurika barua. Uhuru na The Nationalist, yote mawili ya chama, yaliunga mkono. The Standard na Ngurumo nayo yakapata wasomaji wa kubishana nao. Leo ukiutazama ubishi ule unashangaa jinsi watu walivyozungumza waziwazi. Wapo walioandika kwamba sketi fupi ni aibu ya Mwafrika. Wengine wakawauliza swali lililokosa jibu la haraka: kama tunarudi kwenye mila, bibi zetu walivaa nguo ndefu kiasi gani? Wakakumbusha pia kwamba mwaka huo huo serikali ilikuwa ikiwahimiza Wamasai waache rubega wavae suruali. Kwa hiyo Mmasai alilaumiwa kwa kuuonyesha mwili wake kizamani, na karani wa mjini akalaumiwa kwa kuuonyesha wake kisasa.

Chini ya hoja za utamaduni palikuwa na jambo la kawaida zaidi, nalo ni kazi. Miaka ile Dar es Salaam ilikuwa ikipokea vijana wengi waliomaliza shule bila kupata ajira. Wakati huo huo kulikuwa na tabaka dogo la wanawake waliojua kupiga chapa, waliokuwa na mshahara wa mwezi na chumba chao wenyewe. Waandishi wengi wa barua hawakuficha kilichowauma: wasichana hawa, walidai, walikuwa wakihongwa na mabwana wakubwa wenye magari, huku kijana asiye na kitu akipita pembeni kama hayupo. Mahali pa kukutana, yule aliyekosa na yule aliyepata, palikuwa kituo cha basi. Bwana mkubwa mwenyewe hakupanda basi, hivyo hakuwa na mtu wa kumburuta.

Hili la kituo cha basi linafaa kushikwa, kwa sababu limejirudia katika kila sura ya historia hii. Kosa linalotajwa hubadilika muongo kwa muongo, kutoka sketi hadi suruali hadi namna ya kuendesha gari. Mahali ni pale pale: mwanamke anaposafiri peke yake kwenda kutafuta riziki, akalazimika kusimama au kupunguza mwendo mbele ya wanaume walioegemea kitu.

Mji wa kikoloni ndio uliotayarisha mazingira hayo. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na kwa miongo kadhaa serikali ya Waingereza iliwataka Waafrika wa kiume waje kufanya kazi na kuondoka. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa kama mabweni, bila nafasi ya mke wala mtoto. Mwanamke aliyeonekana mtaani hakuwa na jina rasmi katika mpango huo. Akahesabiwa mzururaji au malaya hadi athibitishe vinginevyo. Baadhi yao, hasa Pumwani, walijenga nyumba na kupangisha, wakawa wenye mali kabla ya wanaume wengi waliowatukana. Wazee wa makabila nao hawakupenda. Katika miaka ya 1940 na 1950 vyama vya ustawi kama Luo Union vilijipa kazi ya kuwasaka wanawake waliokuwa mijini bila waume na kuwarudisha vijijini, na wakuu wa mji hawakuona haja ya kuwazuia. Mwanamume yeyote angeweza kumsimamisha mwanamke na kumuuliza anakwenda wapi na ni wa nani. Maswali hayo mawili yangali yanaulizwa.

Upande wa pili wa habari ni kwamba wanawake nao waliijua barabara kama mahali pa kujibia. Mwaka 1921 Harry Thuku na chama chake cha East African Association walipoanza kulalamikia kipande na kodi, moja ya malalamiko yao lilikuwa kwamba wanawake na wasichana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi mashambani na barabarani, na huko wakidhalilishwa na wasimamizi. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungwa Nairobi. Viongozi wa kiume walipoanza kuwashawishi watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua gauni lake hadi juu ya kichwa na kuwaambia wanaume walichukue, nao wampe suruali zao. Kwa Wagikuyu, mwanamke mtu mzima kujivua mbele ya wanaume kwa hiari yake ni laana kubwa. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi.

Kati ya mwili anaouvua mwenyewe mwanamke na mwili anaovuliwa na kundi la wanaume kuna umbali wa mbingu na ardhi. Siasa ya Kenya ingeuonyesha umbali huo tena, miaka sabini baadaye.

Baada ya Operesheni Vijana, majirani nao walifuata kwa njia zao. Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi Uganda mwaka 1972. Kamuzu Banda wa Malawi, mwaka 1973, aliandika kabisa sheria iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na sketi isiyofunika magoti, na sheria hiyo ikadumu hadi utawala wake ulipokuwa unaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilipofutwa, mtu angedhani yameisha. Januari 2012, wachuuzi wa mitaani nchini Malawi waliwavamia wanawake waliovaa suruali na sketi fupi na kuwavua nguo. Rais Bingu wa Mutharika ilibidi ajitokeze kutangaza kwamba mwanamke yuko huru kuvaa atakacho. Wachuuzi wengi walikuwa vijana. Waliyoyakumbuka waliyarithi.

Uganda ilipitia njia hiyo hiyo kwa kinyume. Februari 2014 Rais Museveni alitia saini Sheria ya Kupambana na Ponografia, ambayo watu waliibatiza sheria ya sketi fupi ingawa haikutaja sketi. Muda si muda, wanawake wakaanza kuvuliwa nguo hadharani na watu waliosema wanaisaidia serikali. Wanawake waliandamana Kampala mwezi huo huo. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu muhimu vya sheria hiyo mwaka 2021. Ilikuwa Kariakoo ya 1968 upya: mkubwa anasema neno moja juu ya heshima, na mtu wa kijiweni analisikia kama kibali.

Kenya haikuwahi kuwa na marufuku ya namna hiyo, na pengine ndiyo maana historia yake inafundisha zaidi. Hakukuwa na wa kumsingizia. Mwaka 2000 wafuasi wa kundi la Mungiki waliwavua nguo wanawake katika mtaa wa Kayole, Nairobi, kwa kosa la kuvaa suruali. Suruali, vazi linalofunika mguu mzima. Waliokuwa bado wanaamini kwamba tatizo ni uchache wa kitambaa walipaswa kufikiri upya siku ile.

Miaka sita baadaye suala lilifika bungeni. Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa na mwanasheria, alipeleka Mswada wa Makosa ya Kujamiiana, uliokusanya mahali pamoja makosa yaliyokuwa yametawanyika katika Kanuni ya Adhabu. Wabunge wa kiume, waliokuwa wengi mno, walikuwa na hofu moja kubwa: kutongoza. Itakuwaje, waliuliza, mwanamume akimtamkia mwanamke maneno matamu naye akaenda polisi? Mmoja alisimama na kueleza kwamba kwa mila za Kiafrika mwanamke akisema hapana anamaanisha ndiyo. Wabunge wa kike walitoka nje ya ukumbi.

Hofu ile haikuwa ya wabunge peke yao, na inastahili kusikilizwa kabla ya kukataliwa. Katika miji ya Waswahili na iliyojifunza Kiswahili, salamu ni deni. Mtu akikusalimu unaitikia, hata kama humjui, na asiyeitikia ana kiburi. Mwanamume anayetaka kumsumbua mpita njia analijua hilo vizuri kuliko mwalimu wa adabu. Haanzi na tusi. Anaanza na “Mambo, dada?” Akiitikiwa, ameshapata mlango: jina nani, unaelekea wapi, naomba namba. Asipoitikiwa, ameshapata sababu: unaringa nini, kwanza mbaya, na mengine yasiyoandikika. Mwanamke anayepita mbele ya kijiwe kila asubuhi anafanya hesabu hiyo kabla hajafika pale. Avuke upande wa pili? Avae miwani? Ajifanye anaongea na simu? Wanaume wengi walio kijiweni, wakiulizwa, watasema walikuwa wanasalimia tu, na baadhi yao watakuwa wanasema kweli. Tofauti ya anayesalimia na anayesumbua haimo katika neno la kwanza. Imo katika anachofanya akishakosa jibu, na hapo wala mila wala lugha haimpi mtu ruhusa ya kumfuata mwenzake hatua kumi akimtukana.

Mswada ulipita na kuwa sheria mwaka 2006, ukiwa umepunguzwa makali. Kifungu chake cha 23, kinachohusu unyanyasaji wa kijinsia, kilimlenga mtu mwenye mamlaka au mwenye wadhifa wa umma anayerudia kutaka mapenzi huku akijua hatakiwi. Bosi, mwalimu na ofisa wa serikali wamo. Manamba wa steji hayumo, na aliyekaa kijiweni hayumo. Jambo lililopita bila kelele ni kwamba Kanuni ya Adhabu iliyoachwa na Waingereza, yenye maneno yanayofanana na ya sheria ya India ya mwaka 1860, ilikuwa na kipengele kilichomwadhibu yeyote aliyetamka neno, aliyetoa sauti au aliyefanya ishara kwa nia ya kumvunjia mwanamke heshima. Kilinuka ukoloni, na hakikutumika sana. Lakini mluzi na tusi la barabarani vilikuwa ndani yake, na sheria mpya ilipokuja kukiondoa, haikuweka kingine kinachomgusa mtu asiye na cheo.

Tanzania ilikuwa imetangulia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la unyanyasaji wa kijinsia linalofanywa kwa maneno au vitendo, kazini au mahali pengine popote. Kwenye karatasi, kondakta anayemshika abiria kiuno akijidai anamsaidia kupanda anaweza kufikishwa mahakamani. Ni makondakta wangapi wamefikishwa ni habari nyingine, na kila anayepanda daladala saa moja asubuhi anaweza kukisia.

Kisha ukaja mwaka 2014, na simu zenye kamera.

Septemba mwaka huo, abiria mmoja wa kike alikuwa kwenye basi liendalo Githurai, pembezoni mwa Nairobi, usiku. Abiria wengine waliposhuka, dereva, kondakta na mwenzao aliyekuwa mhudumu wa kituo cha mafuta walimvamia, wakamvua nguo, wakamdhalilisha na kumwibia alichokuwa nacho. Mmoja wao alirekodi kwa simu. Alijipatia kumbukumbu ya kujivunia. Hakujua alikuwa akiandaa ushahidi wa mashtaka.

Video nyingine ilisambaa Novemba, na hii haikuwa ya usiku wala ya mahali pa faragha. Ilikuwa mchana, katikati ya jiji, kwenye steji ya matatu ziendazo Embakasi kando ya Barabara ya Accra. Kundi la wanaume linamzingira mwanamke aliyevaa sketi fupi, linamvua vazi moja baada ya jingine, yeye amelala chini akijikunja. Sababu waliyotoa ni kwamba anawajaribu. Wapita njia ni wengi, na baadhi wameinua simu. Video ikapita mkono hadi mkono, na baada yake zikaja nyingine za visa kama hivyo.

Walioitisha maandamano hawakuwa chama cha siasa wala shirika kubwa. Lilikuwa kundi la kina mama kwenye Facebook, Kilimani Mums, ambalo siku nyingine lilikuwa likizungumzia wayaya, shule za watoto na mahali pa kupata fundi wa bomba. Jumatatu, tarehe 17 Novemba 2014, mamia ya watu walikusanyika Uhuru Park kuandamana hadi kwenye ile steji. Wapo waliovaa sketi fupi makusudi, wapo waliovaa magauni marefu, na wanaume nao walikuwemo. Mabango yao yalisema vazi langu ni uamuzi wangu. Mitandaoni jibu lilitoka haraka: wanaume, na wanawake pia, walianzisha kauli yao ya kupinga, kwamba uchi wa mwenzao si chaguo lao. Waandamanaji walipofika steji, baadhi ya makanga waliwazomea pale pale.

Pale Uhuru Park walipoanzia hapakuwa mahali pa bahati nasibu. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye kona ya bustani hiyo wakigoma kula, pamoja na Wangari Maathai, wakidai wana wao waachiwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Maathai akapigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya akina mama, watu wazima wenye wajukuu, wakavua nguo zao mbele ya askari wenye umri wa watoto wao. Askari waligeuza nyuso. Akina mama wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo kwa takriban mwaka mzima, na karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai waliachiwa. Kona ile inaitwa Freedom Corner hadi leo. Jiji lililotetemeshwa na uchi wa akina mama wazee mwaka 1992 lilikuwa lile lile ambamo, miaka 22 baadaye, kundi la wanaume lilimvua nguo binti wa mtu na kucheka.

Serikali ilijibu kwa njia ambayo mtunzi wa tamthilia angeogopa kuibuni. Kifungu kipya, 251A, kinachompa anayemvua mwenzake nguo kifungo cha hadi miaka 20, kilichomekwa ndani ya mswada wa kupambana na ugaidi. Mswada huo ulijadiliwa tarehe 18 Desemba 2014 katika kikao kilichogeuka kuwa uwanja wa ngumi: karatasi zilichanwa, Naibu Spika akamwagiwa maji, wabunge wakakabana makoo. Mbunge Millie Odhiambo alitoka akilalamika hadharani kwamba katika vurugu zile wabunge wa kiume walimvamia na kutaka kumvua nguo ya ndani. Kwa hiyo ukumbi uliopitisha adhabu ya kuvua wanawake nguo ulitajwa siku hiyo hiyo kuwa mahali palipotokea tendo hilo. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini kesho yake. Mahakama Kuu baadaye ilifuta vifungu kadhaa vya sheria hiyo vilivyobana uhuru wa watu, 251A kikabaki.

Kesi ya Githurai iliisha Julai 2017. Wanaume watatu walihukumiwa kifo, si kwa kumdhalilisha abiria wao, bali kwa wizi wa kutumia nguvu, kwa sababu walimpora. Kwa sheria ya Kenya ya wakati ule adhabu hiyo ilikuwa ya lazima, ingawa nchi haijamnyonga mtu tangu 1987. Waliolipigania jambo hili walishangilia, na furaha yao inaeleweka. Hata hivyo ni vigumu kutoona kilichomo: mizani ya sheria iliinamishwa na mali iliyoibwa, si na mwili wa aliyeibiwa.

Machi 2022 palitokea tukio lililomaliza kabisa hoja ya mavazi. Katika barabara ya Nairobi iliyokuwa ikiitwa Forest Road, ambayo sasa ina jina la Wangari Maathai, mwanamke aliyekuwa akiendesha gari lake alizingirwa na waendesha bodaboda baada ya ajali. Walifungua mlango, wakamvuta, wakamshikashika, naye akipiga kelele. Hakuwa amesimama steji, wala hakuna aliyezungumzia urefu wa sketi. Video ilienea kwenye mkesha wa Siku ya Wanawake Duniani. Rais Kenyatta aliamuru msako na uandikishaji wa waendesha bodaboda nchi nzima. Pikipiki nyingi zilikamatwa, vilio vikawa vingi, na siku chache baadaye msako ukasitishwa. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza miezi mitano, na kila mwenye bodaboda ana kura.

Miaka kadhaa kabla Nairobi haijaamrisha na kusitisha, masoko ya Dar es Salaam yalikuwa yameanza kujaribu jambo la polepole zaidi. Mama lishe wa Ilala au Mchikichini anaanza kazi kabla hakujapambazuka. Analipa ushuru, anapika, kisha anabeba sahani za ugali na maharage katikati ya vibanda vyenye wanaume wengi, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika chakula cha watu. Hapo ndipo anaposhikwa. Akilalamika, mteja anakula bila kulipa au anahama. Ilichukuliwa kwa miaka mingi kuwa ndivyo soko lilivyo, na anayetaka stara akae nyumbani.

Mwaka 2015 shirika la Equality for Growth lilianzisha huko kampeni iliyoitwa Mpe Riziki Si Matusi. Jina lenyewe lilichaguliwa kwa busara ya kibiashara. Halikumwambia mwanamume awe mtu mwema. Lilimkumbusha kwamba anazungumza na mfanyabiashara mwenzake. Wachuuzi wa kike walifundishwa kuwa wasaidizi wa kisheria, wakakaa sokoni humo humo kupokea malalamiko. Kamati za masoko, ambazo zamani zilishughulikia taka, maji na nani apangiwe kizimba gani, zilikubali kuandika taratibu za kupiga marufuku matusi na kushikashika, pamoja na faini kwa atakayekiuka. Mkosaji hakuhitaji kusubiri kesi ya miaka mitatu. Alikutana na wenzake wanaomjua, kwenye ofisi ya soko, siku hiyo hiyo. Wanawake wakaanza pia kugombea nafasi katika kamati zenyewe, jambo ambalo huenda lilibadilisha zaidi kuliko mabango, kwa kuwa anayepanga vizimba ana nguvu ambayo hata mwenye mdomo mchafu anaiheshimu.

Utaratibu wa soko una mipaka ya soko. Jioni mama lishe anafunga sufuria zake kwenye kanga, anapita getini na kwenda kituoni kusubiri daladala ya Gongo la Mboto au Mbagala, na pale hakuna kamati, hakuna faini, wala ofisi ya kulalamikia. Dawati la jinsia liko kituo cha polisi. Kulifikia ni nauli ya ziada na kukosa gari la kurudi nyumbani, na akishafika ataulizwa jina la aliyemshika, ambalo hana.